Ufa Chini ya Rangi ya Buluu

Nekesa mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Wewe huko mbali. Kutoka hapa steji ya 56, Kawangware, hadi kwa mama mdogo wako Atieno, huko Olympic, Kibera, unakoishi, ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na mimi huo mwendo nilikuwa nimeushindwa miaka mitano, hadi juzi. Tena mimi si mzima. Basi hayo ya shuleni tuyaache.

Ni Jumapili alasiri. Kanisa la hapo nyuma bado wanapiga ngoma, na mimi nimefunga kibanda nusu mlango, nimekaa juu ya kreti ya soda na daftari gotini. Utaona alama nyeusi kwenye karatasi. Ni grisi. Sitaki uanze kunihurumia mapema.

Nikimaliza kuandika nitasukuma vitu viwili hadi Olympic: gunia na baiskeli. Fungua gunia kwanza. Ndani utakuta ile fremu yako ya buluu, ile uliyoniletea Jumatano nikuwekee sawa kwa safari ya kesho. Iko vipande viwili. Nimeikata mimi mwenyewe jana asubuhi, kwa msumeno wa chuma, nikiwa na akili zangu timamu. Una haki ya kunitukana, lakini soma kwanza hadi mwisho, ili unitukane ukiwa na habari kamili.

Sitakuandikia mambo ya maji ya kunywa, wala kofia, wala sindano ya homa ya manjano. Hayo mmeyapanga. Ulinionyesha kwenye simu: nyinyi wanne, wawili kwenye baiskeli na wawili kwenye gari la mizigo, mnapokezana, siku ya kulala Jinja, siku mbili za kupumzika Kampala, nani apike, nani abebe pampu. Nimeona harusi zilizopangwa vibaya kuliko hiyo safari. Sina la kuongeza. Ninachotaka kukuambia hakimo kwenye orodha yenu, kwa sababu nilikificha.

Ulipotokea hapa Jumatano na baiskeli begani nilidhani umekosea kibanda. Miaka mitano umekuwa ukipita barabara hii na vyakula vya watu mgongoni, na hujawahi kugeuza shingo. Nilikuwa nakuona. Fundi wa baiskeli haangalii sura za watu, anasikiliza cheni, na cheni yako naijua hata nikiwa nimeinama.

"Niaje, mzee," ukasema.

"Poa. Kuna nini?"

"Nataka uniangalilie hii baike. Gia zinaruka, na breki ya nyuma imelala."

"Mafundi wa Kibera wameisha?"

"Wako. Lakini safari ni ndefu, na kila mtu anasema we ndio fundi. Hata wenye hawakupendi wanasema."

"Safari ya wapi?"

"Kigali. Tunatoka Monday asubuhi."

"Kigali? Nani amekufa huko?"

Ukacheka. Sikuwa nimekuchekesha. Hilo ndilo swali la mtaa huu. Mtu wa Kongo hii yetu ya Kawangware akifunga begi, ama ni matanga ama ni Krismasi. Kuvuka mpaka bila maiti, bila mahari, bila biashara, watu watauliza kama uko sawa kichwani. Lakini ulicheka, na mimi sikuwa nimesikia kicheko chako tangu uondoke nyumbani, nikajifanya nilikuwa nimekusudia mzaha.

"Hakuna mtu amekufa, mzee. Ni holiday. Tunaenda tu kuona."

"Kuona nini?"

"Si hiyo ndio tunaenda kujua."

Ulipotoka sikushika spana kwa muda mrefu. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kabla, kutoka kwa mtu mwingine, naye alikuwa amekaa kwenye kreti hii hii.

Wewe unamkumbuka baba yako mdogo Wafula, mume wa Atieno, kama yule mtu aliyekushikilia kiti ukijifunza kuendesha, akikimbia nyuma yako kwenye kiwanja cha shule huku anakukaririsha miji: Malaba, Tororo, Jinja, Kampala, Masaka, Mbarara, Kabale, Kigali. Ukikosea mji mmoja anaachilia kiti, unaanguka, anacheka, mnaanza tena Malaba. Usidhani sikuona kwamba safari yenu ya kwenye simu inafuata miji ile ile. Niliona. Ambacho hukujua ni kwamba miji ile ilikuwa yangu pia.

Tuliichora mimi na yeye, Jumapili kama hii, nyuma ya kalenda ya duka la mabati. Tuliazima atlasi ya mtoto wa jirani, tukapima barabara kwa waya wa breki. Mimi nilikuwa mkubwa wake kwa miaka minane, mzee wa kanisa, baba wa mtoto, na bado nililala chini kifudifudi nikibishana naye kama Mbarara iko kabla ya Masaka. Hiyo ramani iko hapa ukutani mpaka leo. Kila Januari natundika kalenda mpya juu yake. Ukuta huu umenona kwa kalenda.

Wafula wakati huo alikuwa anasambaza mkate kwa baiskeli ya chuma, nzito, yenye kreti nyuma. Mimi ndiye nilimwambia hiyo haifai kwa safari. Mimi ndiye nilimtafutia ile ya aluminiamu, mtumba kutoka Ulaya, nyepesi unainua kwa vidole viwili. Nilimsifia hiyo baiskeli mbele ya watu mpaka wengine wakadhani nataka kuioa.

Halafu wiki mbili kabla ya safari nikajitoa. Nilimwambia kazi zimenizidi. Ulikuwa uongo. Niliogopa mdomo wa mtaa: mtu mzima, ana familia, anaendesha baiskeli hadi Rwanda kwenda kuona, kama mtoto aliyetoroka nyumbani. Mtu mmoja kanisani aliniuliza kama nimeacha wokovu. Nikaona aibu. Wafula hakunisukuma. Alisema, "Sawa, brathe, nitakutumia picha." Mpaka leo sijui kama alinidharau, na hiyo sentensi yake imenitafuna kuliko matusi.

Siku moja kabla hajaondoka aliniletea baiskeli niikaze. Nikaiosha, nikaifuta kwa kitambaa. Chini ya lile bomba la chini, karibu na shingo, kitambaa kikanasa. Nikafuta tena, kikanasa tena. Nikaleta tochi. Ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka karibu nusu ya bomba.

Sasa nikuelezee kitu kuhusu kazi yetu, maana wewe umelelewa ndani yake lakini sikuwahi kukufundisha. Fundi wa Kawangware hana neno "imekufa." Mteja akileta kitu, unasema, "Acha hapo, njoo kesho." Hata kama umeona hakuna kesho. Tumelelewa hivyo, tumekula kwa hivyo. Chuma kinakubali tabia hiyo. Chuma kikipasuka unakichomelea kwa shaba, kinarudi, na hata kikikataa kinapinda kwanza, kinalia, kinakupa nafasi ya kushuka. Aluminiamu haina adabu hiyo. Ukiipiga moto, pale kando ya moto inakuwa laini, na siku ya siku inakatika bila kusema neno. Nilikuwa najua. Usikubali mtu yeyote akuambie kwamba baba yako hakujua. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Lakini yeye alikuwa amekaa hapo nje na furaha usoni, anawaambia watoto wa plot yetu, hizi nyumba za kupanga, majina ya miji. Na mimi tayari nilikuwa nimemwangusha mara moja kwa kujitoa. Na baiskeli nilimchagulia mwenyewe, nikaisifu mwenyewe. Kumwambia imekufa ilikuwa kumwambia kwamba kaka yake ni mwoga na pia ni mjinga. Nikamwambia aende akanywe chai. Nikaibeba hadi kwa mtu wa kuchomelea kwa gesi, ikachomelewa. Nikasawazisha kwa tupa, nikajaza bodi fila, ule udongo mweupe wa kuzibia bati la magari, nikapiga msasa, nikapuliza rangi nyekundu. Saa kumi jioni ilikuwa inang'aa. Nilirudi nyuma hatua mbili nikaiangalia, nikajisifu. Kati ya yote niliyoyafanya, hilo la kujisifu ndilo linaloniamsha.

"Iko poa?" akauliza.

"Iko sawa kabisa. Enda."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, vizuri sana, na ukuta nikajenga vilevile. Wewe umeishi upande wa pili wa huo ukuta tangu ukiwa na miaka kumi na moja.

Hakufika Malaba. Hakufika hata Naivasha. Kwenye ule mteremko wa kuelekea Mai Mahiu baiskeli iliachana katikati, akaangukia mbele ya lori lililokuwa linapanda polepole upande wake. Wewe uliambiwa lori lilimgonga. Kila mtu aliambiwa hivyo. Dereva aliapa mbele ya umati kwamba kijana alianguka mwenyewe, baiskeli ilikatika kabla hajamfikia. Walimpiga mawe kwa kusema hivyo. Polisi wakaja wakamchukua, na hakuna mtu aliyemsikiza tena.

Mimi nilimsikia. Nilikuwa nimepigiwa simu nikafika kabla ya polisi, nimesimama hapo kando ya barabara, nimeshika mabaki ya ile baiskeli. Bomba lilikuwa limekatika pale pale, na bodi fila yangu inaonekana, nyeupe. Polisi akaniuliza, "Wewe ni fundi, unaonaje?" Nikasema, "Lori limeiponda." Maneno mawili tu. Kabla hata hatujamsafirisha Wafula Bungoma nilikuwa nimekatakata ile fremu na kuipeleka kwa watu wa vyuma chakavu huko Kongo. Kwenye mazishi, kama kaka mkubwa, nilisimama nikawalaani madereva wa malori. Niliongea vizuri. Watu walilia. Pasta akasema ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Jina la huyo dereva ninalo. Huo ni mzigo wangu, sikutumi. Wiki hii nitaanza kumtafuta, na sitegemei anikaribishe.

Tuliporudi Nairobi jambo la kwanza nililofanya ni kuchukua ile baiskeli yako ndogo. Ulilia ukaniuliza umekosa nini. Nikakuambia msichana wa Kibukusu hapandi baiskeli, ni mwiko, nilikuwa nimekuachia tu kwa sababu ya Wafula. Huo mwiko niliutunga hapo hapo mlangoni. Shangazi yangu mwenyewe alikuwa mwalimu, alienda shuleni kwa baiskeli miaka yote, na hakuna mzee aliyekohoa. Nilitaka tu usipande kitu ambacho mikono yangu imegusa. Badala ya kusema naogopa, nikasema mila. Mwanamume akiogopa huku kwetu hutafuta mila ya kujifunika, na mila hazikosekani.

Niliwafundisha watoto wote wa plot kuendesha, nikakunyima wewe. Ulijifunza tena kwa kuiba, kwa baiskeli za wavulana, nyuma ya soko. Nilijua. Nilikuwa nakuona ukirudi na magoti yamechubuka nikawa nakuchapa kwa sababu ya magoti. Mama yako, Mungu amlaze pema, aliniambia, "Baba Nekesa, huyo mtoto unampiga kwa kosa gani?" Alikufa bila jibu.

Ulipofika miaka kumi na tisa ukaja na ile kazi ya kupeleka chakula, ukasema umenunua baiskeli. Unakumbuka?

"Unaogopa nini, baba?"

"Siogopi kitu. Ni heshima."

"Heshima ya nani?"

Nikakuambia kama unataka kuwa mwanamume, uende ukakae kwa watu wa Kibera. Nawe ukaenda. Na mimi nikawaambia watu kwamba Kibera imekuharibu. Choo chao na chetu ni kimoja, stima yao na yetu inapotea siku moja, lakini sisi wa Kawangware lazima tuwe na mtu wa kumdharau. Niliongea hivyo miaka mitano huku nikisikiliza cheni.

Sitajifanya kwamba wewe hukuniumiza. Mwaka ule nililazwa na nimonia ulijua, maana Atieno alijua. Hukuja. Nilikuwa nageuka kila mlango ukifunguliwa. Nakuandikia hilo kwa sababu hii ni barua ya ukweli, siwezi kufunua yangu tu halafu nifunike yako ili nionekane mwema. Ulinichukia kwa sababu ya uongo, lakini ulichukia kisawasawa, na mimi nililala pale nikajua kwamba ukijua ukweli utachukia zaidi.

Basi Alhamisi, baada ya kumaliza gia na breki, niliifuta ile fremu yako, aluminiamu kama ya Wafula. Nyuma ya shingo, chini ya ile stika ya nyota uliyobandika, kitambaa kikanasa.

Nilitoa stika polepole. Si kosa lako, ulinunua mtumba, na hakuna mtu wa kawaida angeuona. Si kosa langu pia, safari hii. Ufa ulikuja wenyewe. Nilicheka, Nekesa. Nilikaa hapa peke yangu nikacheka mpaka jirani wa saluni akauliza nimeokota nini.

Na nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipo. Ijumaa asubuhi niliibeba ile fremu nikaenda kwa mtu wa kuchomelea. Naam, baada ya miaka kumi na mitatu. Miguu ilikuwa inajua njia. Njiani nilikuwa nimeshapanga: nitatafuta buluu inayofanana, stika nitairudisha juu yake, utaenda, gari liko nyuma yenu, hutaendesha kila siku, labda itashika. Nilikuwa nakuona ukinishukuru. Huyo mtu akawasha mtambo akasema, "Weka hapa, fundi." Nikamwambia nimesahau kitu nyumbani. Nilitoka nayo mbio, mzee wa miaka hamsini na sita anakimbia na fremu begani, watu wakadhani nimeiiba.

Sikupita kibandani. Nilienda moja kwa moja hadi Olympic, maana nilijua nikikaa nitarudi kwenye ule mtambo. Wewe ulikuwa kazini. Mama mdogo wako alikuwa kwenye cherehani, anapinda sare za shule.

"Ai, shemeji," akasema, "kumbe njia unaijua?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Yote, kama nilivyokuandikia. Hakusimamisha cherehani. Alishona sketi moja akamaliza, akakata uzi kwa meno.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Miaka kumi na tatu nimechukia dereva. Nilikuwa nimemzoea. Sasa unataka nianze upya na wewe, na umri huu?"

"Sijakuja kuomba msamaha, Atieno."

"Vizuri. Kwa sababu sina." Akachukua sketi nyingine, akaiweka chini. "Mtoto anajua?"

"Bado. Nipe hadi Jumapili."

"Utamwambia kabla hajapanda hiyo kitu. Ukinyamaza nitamwambia mimi, na nitamwambia vibaya."

Halafu akanyoosha kidole juu ya kabati. Ile baiskeli ya mkate ya Wafula. Nilidhani aliiuza zamani. Ilikuwa imefungwa kwa shuka, haina magurudumu, lakini fremu iko. "Hiyo ni ya chuma," akasema. "Toa. Si yako, usidhani nimekupa. Ni ya Nekesa." Nilipotoka nayo hakuniambia karibu tena, wala hakuniwekea chai. Unajua sisi watu wa Magharibi: ukitoka nyumba ya watu bila chai, umefukuzwa. Nilitembea hadi huku na fremu mbili, moja kila bega, na sikuhisi kwamba nimetua chochote. Waliosema ukweli humweka mtu huru hawakutembea kutoka Olympic na mimi siku hiyo.

Jana asubuhi, kabla sijagusa ile ya chuma, nilichukua msumeno nikaikata ya buluu. Najua swali lako. Kwa nini sikukupigia simu nikuulize? Ni baiskeli yako, safari yako, una miaka ishirini na nne. Ni kweli. Ni kwa sababu najijua. Ungekuja hapa umesimama na furaha yako, ungesema, "Chomelea tu, mzee, nitaenda pole," na mimi ningesema, "Acha hapo, njoo kesho." Ningesema. Sijapona hiyo tabia. Kwa hiyo nilihakikisha hakuna cha kuchomelea. Nimekata shubiri moja kando ya ufa ili ubaki kama ulivyo. Toa hicho kipande ndani ya gunia, pitisha ukucha. Ukucha usiponasa, basi mimi ni mzee mwovu aliyekuharibia safari tena, na una ruhusa ya kuamini hivyo maisha yako yote.

Sasa baiskeli. Hii niliyoisukuma ndiyo ile ya mkate. Magurudumu ni yako, gia zako, cheni yako, breki zako, kiti chako. Nyuma ilikuwa nyembamba, nikaipanua kwa mkono, taratibu, siku nzima ya jana. Sikuchomelea mahali. Ni nzito. Milima ya Kabale itakuzalisha matusi ambayo hujawahi kuyatamka, na wenzako watakusubiri kila kilele. Ni mbaya kwa sura pia. Wenzako watauliza umeitoa makumbusho gani. Pale nyuma pana alama za kreti ya mkate, miaka yake yote imekwaruza hapo, sikuzisugua.

Hukuniomba ushauri na sina wa kutosha kugawa. Nina kitu kimoja tu, na nilikinunua ghali. Mtu akikuambia "iko sawa" upesi, na akakuambia siku ambayo umefurahi sana, simama umuulize mara ya pili. Hata kama anakupenda. Hasa kama anakupenda. Wafula angeniuliza mara ya pili, nadhani ningemwambia. Nimejidanganya hivyo mara nyingi, lakini nadhani.

Kesho kufikia saa nne asubuhi mtakuwa juu ya ule mteremko wa Mai Mahiu. Kuna sehemu pana kabla ya kuanza kushuka, watu huuza ngozi za kondoo hapo. Simameni. Kama wakati huo utataka kuingiza baiskeli kwenye gari na kushuka umekaa, ingiza, hakuna atakayekucheka ila mjinga. Na kama utataka kushuka juu ya magurudumu, shuka. Sitakuambia lipi. Nilishawahi kumwambia mtu mmoja "enda," neno hilo limeniishia.

Najua pia unaweza kukataa yote. Unaweza kuacha baiskeli hii ukutani kwa Atieno, upande gari na wenzako, ama ufunge begi lako ubaki, uwe na jambo moja zaidi la kunichukia. Nimelifikiria hilo jana nikiwa na msumeno mkononi. Nikaona ni afadhali unichukie ukiwa Olympic.

Mtapita hapa 56 asubuhi, hamna njia nyingine fupi. Kibanda kitakuwa kimefungwa lakini nitakuwa ndani, nimekaa kwenye kreti. Usisimame, sistahili, na mtachelewa. Nitasikia tu. Ile cheni niliipaka mafuta mwenyewe, naijua.

Jambo la mwisho, ndipo uangalie baiskeli. Utashangaa kwamba haina rangi. Si kwamba muda uliniishia. Niliitoa rangi yote kwa msasa, kutoka shingo hadi nyuma, kila kiungo, mpaka chuma kikabaki kitupu. Mvua ikinyesha itashika kutu, kwa hiyo ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, na ukiifuta usikie kama kitambaa kinanasa. Sijajaza kitu popote, sijafunika kitu popote. Usiniamini. Pitisha kidole.

Baba yako,
Fundi wa 56